Sijambo Mbele ya Daktari

Ndani ya basi kutoka mtaa wa Erdington, huko ughaibuni, Mwanakhamis alikuwa akimfundisha mumewe kuumwa.

"Haya, mimi ndiye daktari. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Basi tushuke, turudi nyumbani."

Mumewe, Mkubwa, akacheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Tangu dereva asiyetazama mbele alipopita taa nyekundu na kusababisha ajali kule Longbridge, mkono huo haukuinuka kufika begani, wala shingo haikugeuka. Ghalani alikokuwa akipakia masanduku, walishampa mtu mwingine nafasi yake.

Wakili wao, Kulwant, aliwaeleza wazi kwamba kuumia peke yake hakutoshi. Lazima ithibitike kuwa mtu ameumia vibaya, hata kazi imemshinda. Daktari wa kwanza alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anajisikia vizuri. Kumbe alimsalimia tu, na Mkubwa akaitikia alivyolelewa Unguja, ambako hata mwenye homa ya kulazwa husema hajambo kwanza, maumivu baadaye. Huyu wa leo ndiye wa mwisho. Akiandika vilevile, bima ya dereva haitalipa kitu, na Mkubwa atabaki na bega bovu bila kazi.

"Huyo dereva simwachi," alisema Mwanakhamis. "Wewe ukimwonea haya, mimi simwonei."

"Ilikuwa bahati mbaya tu."

"Unamtetea mno, Baba Maisara."

Mkubwa akatazama mbele, maana pembeni hakuweza.

Daktari Manubhai alikuwa Mhindi aliyekulia Kisumu. Alipoyasikia majina yao alifurahi, akakiweka Kiingereza kando.

"Hujambo, mzee?"

Mwanakhamis akafumba macho.

"Sijambo, daktari. Sijui nyumbani kwako?"

Ikabidi mke aseme yeye. Akaeleza kwamba ndiye anayemfunga mumewe vifungo vya shati, kwamba mwanamume huyu sasa anaswali akiwa kitini, na kwamba anapodhani mkewe amelala, huuma mto asisikike akilia. Mkubwa akainamisha uso kwa aibu.

Daktari akamwambia ainue mkono. Mkubwa akauinua kidogo, akitabasamu, jasho likimtiririka.

"Tabasamu silipimi, mzee. Napima bega."

Akalibonyeza, akaigeuza shingo polepole, akaandika kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kuwa hili si jambo dogo, na ndivyo alivyoandika. Mwanakhamis akashusha pumzi.

"Limebaki moja," alisema daktari. "Huyo dereva mnayemdai, jina lake nani?"

Mkubwa akasimama ghafla. Akasema bega limeshapoa, tena kabisa, afadhali waende zao.

"Kaa chini, Baba Maisara."

Kisha Mwanakhamis akamsogelea daktari, akamtajia jina lake yeye mwenyewe, herufi moja moja.