Unga Kwenye Kipanya

Uvumi kwamba barua pepe za jirani zilisomwa na watu baki ulimganda Mama, hata bintiye akakubali kuwawekea seva yao wenyewe, kompyuta ya kutunzia barua, pale nyumbani. Ilibaki kuchagua programu huria ya kusomea barua.

"Ijaribu hii, Mama. Naja," alisema binti, akaingia jikoni.

Mama akaandika kwa kidole kimoja chenye unga: "Mdogo wangu, binti yangu ana mimba. Mumewe hajaambiwa. Funga mdomo."

Kidole kikiwa juu ya kipanya, tayari kutuma, akaona barua nyingine pembeni: "Mama, nimefukuzwa kazi. Baba asijue."

"We! Nani huyu kaingia kwetu?"

"Si kwetu hapo, Mama," binti alijibu akirudi. "Ni ukurasa wa majaribio wa hiyo programu, anaingia yeyote dunia nzima." Binti akainama kusoma. "Mama! Siri yangu umeanza na mama mdogo?"

Mama akanyanyua kidole polepole. Alama ya unga ikabaki.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kujaribu programu kwa barua ya kweli.

Kuandika kabla ya kuuliza nani mwingine anasoma.

Kuwaogopa wezi wa siri, na siri ya mwanao unaitoa mwenyewe.