Spika ya Kushoto

Haya alinisimulia mama mshonaji mwenyewe, juzi alipokuja kunipima gauni, pini zikiwa mdomoni.

Aliingia dukani kwa fundi wa spika na spika moja, kaifunga ndani ya shuka, kaibeba mgongoni kama mtoto.

"Dada, huyo mwanao mbona mzito?" fundi wa spika alimtania.

"Mzito na bubu. Nataka nimpate mwingine anayesema."

Nyumbani walikuwa na deki na spika mbili. Ya kulia ilisema. Ya kushoto ilikuwa imenyamaza, mwaka wa nne sasa, imekuwa ya kuwekea chupa ya maua. Mumewe, fundi umeme, aliipima akasema imeungua, haitengenezeki. Akisema fundi umeme, nani abishe?

Mama hakuwa na haja ya makelele. Alitaka sidii moja tu isikike: ile ya mahafali ya shule, binti yao Chiriku akiimba na kwaya. Baba aliahidi kwenda, kazi ikambana. Mwezi haukwisha, homa ikamchukua mtoto. Sidii ilikuja baadaye, mume akaenda kuichukua yeye. Walipoitazama wote wawili kwenye televisheni, mdomo wa Chiriku ulifunguka ukafungika, sauti ni za wenzake tu.

"Maiki haikumfikia," mume alisema. "Iache, mama Chiriku."

Hakuiacha. Alishona mapazia ya watu mwaka mzima, akiweka kidogo kidogo. Na asubuhi hiyo mume akamwambia, "Kama lazima ununue, chukua boksi moja kubwa la spika, lile lenye taa. Nitakufungia mwenyewe. Filamu zitanguruma mpaka jirani ahame."

Fundi wa spika aliposimuliwa hayo alicheka. "Taa hazina sauti, dada. Kwa pesa hiyo utanunua mwanga. Muziki unataka spika mbili. Kwaya hurekodiwa kwa maiki mbili: waimbaji wa huku wanasikika huku, wa kule wanasikika kule. Ukiwa na moja, umesikiliza nusu."

Mama aliikumbuka ile video. Chiriku alisimama upande wa kushoto.

Fundi akaifungua ile spika kwa bisibisi, akachungulia, akakuna kichwa.

"Dada, usinunue kitu. Hii nzima. Waya umekatwa tu, ncha zikafungwa utepe, kila moja peke yake. Kilichoungua hakifungwi utepe. Aliyekata anajua kazi."

Utepe mweusi, umezungushwa mara tatu, mwisho wake umekunjwa. Kila waya nyumbani kwake ulifungwa hivyohivyo.

Fundi aliunga waya, akakataa malipo. Mama alirudi mbiombio. Miaka minne! Leo atanieleza, leo.

Akaiweka spika mahali pake, akatia sidii. Kwaya ikaanza, na kutoka kushoto, mwembamba, safi, akaja Chiriku. Mama aliikumbatia spika kwa mikono miwili, ikamtetemekea kifuani.

Wimbo ukaisha. Makofi. Kisha, karibu kabisa na maiki, mtoto akamnong'oneza mwenzake:

"Umemwona baba? Aliniahidi. Hebu angalia tena, labda yuko nyuma."

Jua lilikuwa halijazama mume aliporudi na ngazi yake begani. Alisimama mlangoni akatazama pembeni penye deki. Chupa ya maua ilikuwa palepale, juu ya spika.

"Umenunua lipi?"

"Sikununua. Fundi kasema ulisema kweli. Imeungua."

"Na mtoto?"

"Maiki haikumfikia, baba Chiriku."

Mume aliitikia kwa kichwa, akala kidogo, akajilaza na nguo zake za kazi. Mama alimfunika, akakaa kando yake akimsikiliza anavyopumua, mpaka usingizi ukamchukua na yeye palepale, kipande kipya cha utepe mweusi wa mumewe kikiwa bado kimenata kwenye kidole gumba.