Mguu wa Pili

Aregash alibusu nguzo ya lango la kanisa, akarudi hatua tatu, akaketi ukutani na kuifunika miguu yake kwa gunia. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu mfungo mkuu ulipoanza. Ndani ya lango lile hakuna anayekanyaga na viatu, na hapo ndipo shida yake ilipokuwa.

"Wewe na huu ukuta mlifunga ndoa lini?" jirani yake Shewaye alimwuliza akipita na shuka lake jeupe. "Mbona sisi hatukualikwa?"

"Ukuta haunisemi miguu," Aregash akamjibu.

Shewaye akacheka, lakini alipita mbali na gunia.

Miguu ile ilianza kuvimba akiwa msichana, kwa kutembea peku kwenye udongo mwekundu wa milimani. Ikawa mizito, ngozi yake ngumu kama gome la mti. Wapo wengi wenye maradhi hayo kule, na kila mmoja hujificha peke yake.

Mwaka huu alitaka jambo moja tu: kuingia humo ndani na miguu yake wazi, ili siku ya Pasaka apokee Mwili na Damu ya Bwana. Alikuwa hajapokea kwa miaka ishirini na miwili, tangu ile siku ya viatu.

Siku hiyo wazee wa upande wa mchumba walivuka mto kuleta zawadi. Mchumba mwenyewe hakuja. Kwao bwana na bibi arusi hawaonani mpaka harusi. Lakini bibi arusi huvishwa viatu mbele ya watu wote. Vilikuwa vyeusi, vya vifungo, na kifungo kimoja kilikuwa kimeng'oka kikashonwa upya kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mtu asiyejua sindano. Aregash aliukazia macho uzi ule wakati mzee mmoja akisukuma kiatu. Kiatu hakikuingia. Mzee akainua pindo la gauni lake, akaona, akalishusha.

Viatu vikarudi walikotoka. Baada ya siku tatu likaja jibu la kijana: hawezi. Hakuongeza neno. Habari za kiatu zilienea soko zima, ila habari za uzi Aregash hakumsimulia mtu. Kilikuwa kitu kidogo mno.

Kasisi mpya, aliyeitwa Abba Welde tangu alipowekwa wakfu, alihamia pale wiki moja kabla ya mfungo. Siku ya kwanza ya mfungo, alipotoka langoni na kumwona mwanamke wa ukutani, alisimama ghafla. Kisha akamsogelea na msalaba wake wa mkononi ili aubusu. Uso alikuwa kaugeuzia pembeni.

"Aregash," akasema. "Binti wa marehemu Tessema."

"Nani kakutajia jina langu, Abba?"

"Kijiji hiki kidogo."

Hakumtazama hata mara moja. Aregash akaelewa: huyu naye ana kinyaa. Wala hakumlaumu, maana hata yeye mwenyewe alikuwa akiiosha miguu ile gizani.

Ila Abba alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

"Ingia, dada."

"Na miguu hii?"

"Aliyeiumba yumo humo ndani."

"Unasema hivyo kwa kuwa hujaiona."

Abba Welde aliuzungusha msalaba mkononi. "Kweli," akasema. "Sijawahi kuiona." Akaondoka upesi.

Neno lile la Aliyeiumba lilimfuata Aregash nyumbani. Asubuhi alitoa beseni nje, kwenye mwanga, akachukua sabuni, akaiosha miguu yake huku anaitazama. Wiki ya kwanza alikuwa akilia. Wiki ya tatu alikuwa anaosha tu.

Ikafika Alhamisi Kuu, siku ambayo makasisi huosha miguu ya waumini kwa maji yenye majani ya mzeituni. Kutoka ukutani Aregash alisikia ikisomwa habari ya Petro, jinsi alivyokataa kuoshwa miguu na Bwana. Alikuwa ameisikia tangu utotoni. Siku hiyo aliwaza: kumbe hata Petro aliurudisha mguu wake nyuma, na bado Bwana alibaki amepiga magoti, anamngoja.

Akalifungua gunia. Akalikunja vizuri, akaliacha pale pale, akavuka lango.

Watu wakampisha njia, na si kwa heshima.

"Aregash, mama yangu, unakwenda wapi?" Shewaye alinong'ona.

"Kuoshwa."

Akaketi mwisho wa benchi. Aliyeshika beseni alikuwa Abba Welde. Alipofika kwake alipiga magoti, na kwa mara ya kwanza akaitazama miguu, yote miwili. Akauchukua mmoja. Akauosha polepole, katikati ya kila kidole, kwenye kila ufa. Halafu mikono yake ikasimama, na mabega yakaanza kutikisika.

Aibu yote ya miaka ile ikampanda Aregash usoni. Kinyaa kimemshinda, aliwaza, tena mbele ya kanisa zima. Akauvuta mguu. Abba hakuuachia.

"Kile kifungo cha kiatu," kasisi akasema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama juu ya maji, "nilikishona mwenyewe. Sikuwa na uzi mweusi."

Aregash aliutazama utosi wake. Kisha akauinua mguu wa pili, akautia ndani ya beseni.

"Huu bado, Abba," akasema.