Ombi la Kujifunza Kuogelea

Zamani, wanyama nao walipokuwa na ofisi, Nungunungu alikuwa karani wa masjala ya Simba. Kwa miaka ishirini hakupoteza hata karatasi moja. Siku moja alichoka, akaaga, akaenda mtoni kujifunza kuogelea.

Kicheche, aliyekuwa akikaa naye meza moja, alimfuata ili apate kucheka vizuri. "Samaki mkunje angali mbichi, mwenzangu. Wewe umeshakauka kama dagaa."

Nungunungu alimkabidhi mwalimu, Fisi Maji, barua ya maombi yenye mihuri miwili, akasimama ukingoni kungoja majibu. Alingoja mpaka adhuhuri.

"Ingia majini, mzee," alisema Fisi Maji.

"Kwani ombi langu limepitishwa?"

Fisi Maji akaitupa barua mtoni.

Nungunungu alipoona karatasi ya ofisi inachukuliwa na maji, alisahau kuogopa. Akajitosa, akapiga miguu, akameza maji, akaikamata barua na kuibukia ng'ambo. Kicheche naye akasahau kucheka.

"Wino wote umefutika," Nungunungu alilalamika kutoka kule. "Sasa nifanyeje?"

"Andika nyingine hukohuko," Fisi Maji akamjibu, "halafu uilete mwenyewe."