Ringi ya Kubeba Wawili

Mwanaidi, mtoto akiwa mgongoni, aliigonga ringi inayong'aa kwa spana, akatega sikio. Ililia kama sufuria iliyopasuka.

"Hii urembo tu, babu," alimwambia Mzee Kibwana, fundi baiskeli. "Kwenye maonyesho, Shomari akizunguka uwanjani na baiskeli, nami nimesimama juu ya gurudumu la mbele, itapinda."

"Haya, mjukuu wangu, kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina pembe, lakini ina nguzo tele."

"Gurudumu na spoki zake!" Mwanaidi akacheka, akaigonga ringi nyeusi, nzito, isiyo na sura. Ililia sauti safi, ndefu. "Hii ndiyo. Inabeba wawili."

Mumewe Shomari, aliyesimama mlangoni, akaipokea, akaitundika mkononi.

"Kwa kuchagua, mke wangu, hujambo," alisema, macho chini. "Ila kwenye maonyesho ya Jumamosi atasimama yule binti Tunu badala yako. Wewe tangu umzae huyu umekuwa mzito."

Mwanaidi alimsogeza mtoto juu kidogo mgongoni, akaikaza kanga.

"Kitendawili, babu," alisema.

Mzee Kibwana aliinama kutafuta nati ambayo haikupotea.

Spana ilikuwa bado mkononi mwa Mwanaidi. Akaigonga mara moja tena ringi iliyoning'inia mkononi mwa mumewe, nayo ikalia vilevile, safi, ndefu.