Kiti cha Nyuma

Springi za gari zilikuwa zimekwisha kukazwa, na fundi Nduwayo alikuwa ameketi kiti cha nyuma, akiisikiliza kazi yake kwenye barabara ya vumbi ya Gahanga. Kando yake alikaa baba wa dereva, mzee mwenye mgongo mbovu. Jumapili gari hilo lingeshindana mbio. Jumatatu lingempeleka mzee hospitali, kama kila juma.

"Limetulia kama nini!" binti yake alishangilia kwenye usukani alipoimaliza kona. "Baba, huko nyuma iko sawa?"

Kila shimo lilimrusha mzee. Alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili mpaka mishipa imemtoka, lakini usoni alitabasamu, maana alijua binti anamtazama kwenye kioo.

"Iko sawa kabisa, mama."

Nduwayo akaitazama mikono ile.

"Dada, simama. Tukirudi nalegeza springi za nyuma."

"Fundi, Jumapili nitashindwa!"

"Labda. Umeshawahi kukaa huku?"

Binti akasimamisha gari. Akashuka na kufungua mlango wa nyuma, upande wa fundi.

"Endesha wewe," alisema. "Na usipunguze mwendo."