Sifuri ya Kiherehere

Kalamu nyekundu haikuwepo. Profesa alipapasa mfuko wa shati, akapapasa wa koti, akarudia wa shati. Kulikuwa na mtu mwenye mchezo wa kumfichia vitu, na leo alikuwa amechagua siku mbaya.

Maana leo Profesa alikuwa na mtihani. Muuguzi alimwambia tangu asubuhi, akimnyooshea tai. "Mtihani wa majaribio, Profesa. Wanakuhitaji." Daktari yeyote aliyetaka kuwa bingwa wa magonjwa ya akili alipitia kwanza mtihani huu. Akianguka hapa, ule wa mwisho atausikia redioni tu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia binti mwenye koti jeupe, faili kwapani, na moyo wa Profesa ukaruka kwa furaha. Alikuwa Kiherehere.

Tena hakuwa amezeeka hata kidogo. Shingo ileile ndefu, miwani ileile, upole uleule wa paka aliyekwisha kula nyama. Wengine husahau, Profesa hakusahau. Walikuwa wodini siku ile, yeye mbele, madaktari kumi nyuma yake, mganga mkuu pembeni. Alisimama kando ya kitanda cha bibi mmoja, akamuuliza maswali manne, bibi akabaki kumtolea macho.

"Kumbukumbu imekwisha," Profesa akatangaza. "Andikeni."

Ndipo Kiherehere, mwanafunzi wa juzi tu, akainama kwenye sikio la bibi na kuyarudia maswali kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Bibi akajibu yote manne, na salamu juu.

"Samahani, Profesa. Bibi hasikii tu."

Walicheka wote. Hata mwanamke aliyekuwa akipiga deki alicheka, mpaka akaegemea fagio. Kuanzia hapo Profesa alimbandika yule binti jina la Kiherehere, akamchukia bila kupumzika. Za mwizi ni arobaini, alijiambia, na ya kwake itatimia kwenye meza ya mtihani.

"Shikamoo, Profesa," binti akasema sasa.

"Marahaba. Kaa."

Nyuma yake walifuata wawili, mwanamume mnene na mama mwenye mvi, wakakaa kando ya ukuta na makaratasi yao. Watahiniwa wanaosubiri zamu, Profesa akaelewa. Mama wa watu, mvi kichwa kizima, bado anahangaikia cheti! Lakini elimu haina mwisho. Na ilikuwa vizuri wawepo, kwa sababu aliaibishwa mbele za watu na alitaka kulipa mbele za watu.

"Anza," akaamuru.

Binti akavuta kiti karibu. Akasugua vidole kando ya sikio la kulia la Profesa, kisha la kushoto. "Unasikia, Profesa?"

Damu ikamchemka. Yaani alithubutu kumkumbusha yule bibi! "Nasikia mpaka unachowaza," akamjibu.

"Vizuri. Nitakutajia vitu vitatu uvishike, halafu nitakuuliza baadaye. Ufunguo, kitambaa, chungwa."

Profesa akatabasamu kwa dharau. Kipimo hicho yeye ndiye aliyekifundisha, miaka nenda miaka rudi. Sasa binti alikuwa akionyesha kwamba anakiweza, na kweli alikiweza, jambo lililomuudhi zaidi. Binti akauliza huu ni mwaka gani.

"Mwaka huujui, halafu unataka ubingwa?"

Yule mnene akakohoa. Binti akauliza hili ni jengo gani.

"Langu," Profesa akasema.

"Na vile vitu vitatu, unavikumbuka?"

"Ufunguo." Vingine vilikuwa palepale, karibu na ulimi, vinamchezea. Akapiga meza kwa kiganja. "Sikiliza we mtoto! Hapa anayetahiniwa ni wewe, si mimi!"

"Ni kweli, Profesa," binti akasema polepole. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Ni mimi."

Aliogopa, na Profesa alisikia utamu wa hofu ile mpaka kwenye magoti. Miaka yote aliyongoja haikupotea bure.

Kisha binti akamsogezea karatasi nyeupe na penseli. "Naomba unichoree saa ya ukutani. Namba zake zote, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Karatasi ya alama, hatimaye. Penseli si kalamu nyekundu, lakini kisasi hakichagui wino. Profesa aliinama, akachora taratibu. Ilikuwa sifuri moja, kubwa, iliyojaza ukurasa, na ndani yake hakuweka kitu. Akamrudishia.

"Chukua. Umeanguka, Kiherehere. Na mwakani ukija, nitakuangusha tena."

Alisubiri machozi. Binti aliitazama ile karatasi, akasema asante, akaiweka kwenye faili bila kuikunja. Aliyekuwa akijifuta macho ni yule mama mwenye mvi, ameinamisha shingo yake ndefu, miwani yake mkononi.

"Muda umekwisha," mama akasema, akiirudisha miwani usoni. "Haya, daktari. Tueleze."

Binti akasimama, akawageukia wale wawili.

"Mgonjwa ni mwanamume wa miaka sabini na minne, profesa mstaafu," akaanza. "Nimeanza na masikio, mwalimu, kama unavyotufundisha siku zote. Anasikia vizuri."